Mgahawa wa Kiperu Njiro: nendeni wengi, na haraka muiache nyumbani

Kama mnatafuta mahali pa kukaa wawili mkaongea taratibu, mgahawa huu si wenu. Meza ni ndefu, muziki wa jikoni uko juu, watoto wa wenye mgahawa wanapita na sahani huku wakibishana nani kasahau oda ya nje, na wakishajua kuna mtu anasherehekea jambo, nyumba nzima inahamia mezani kwenu. Sisi tulikwenda kumfanyia mama mkwe sherehe ya kustaafu unesi. Kwa kazi hiyo sijaona Arusha hii mahali panapouzidi. Chakula nakipa nne kwa tano. Huduma tutaiongelea.

Ni nyumba ya kuishi iliyovunjwa ukuta wa sebule. Mama ni Mperu wa Arequipa, baba ni mtu wa hapa hapa, zamani mpishi wa makambi ya safari. Mama yuko jikoni, baba yuko nje kwenye mkaa, binti anachukua oda, mdogo wake anagawa vinywaji. Mama anaongea Kiswahili cha soko la Kilombero, kile cha kuombea kupunguziwa, na alipomwona mama mkwe anashuka kwenye Noah alimpa shikamoo huku kapiga goti kidogo. Wazee wa Machame wakalainika hapo hapo, maana njia nzima kutoka Moshi walikuwa na swali moja tu: ndafu, yule mbuzi wetu wa kuchomwa mzima, iko wapi?

Ndafu hakuna. Baba mdogo alikuwa ameshaanza kununa. Shemeji yangu naye, aliyesoma kitu mtandaoni, akamuuliza binti kama ni kweli kwao wanakula simbilisi. Binti hakukwepa: ndiyo, kwa bibi yake milimani, ikiwa kuna shughuli kubwa wanachinjwa na kuokwa wazima. Hapa hawawapiki. Baba mdogo akasema, kumbe na wao wana ndafu yao, ila ndogo. Meza ikacheka, na kazi ya kula ikaanza.

Anzeni na anticuchos. Ni mishkaki ya moyo wa ng'ombe, iliyolazwa kwenye siki, vitunguu saumu, bizari nyembamba na pilipili nyekundu kavu ya kwao. Moyo ukichomwa vibaya unakuwa soli ya kiatu. Hawa wanaukata mwembamba, wanaupaka mafuta kila wanapougeuza, na unatoka kwenye mkaa bado una maji yake. Unakuja na kiazi cha kuchemsha na kipande cha hindi. Wazee waliagiza tena kabla sijamaliza wa kwangu, na suala la ndafu likazikwa.

Kuku wa mkaa ndiye aliyebeba meza. Amelala usiku kucha kwenye viungo, ngozi imekauka vizuri, na anakuja na chipsi, kachumbari na bakuli la mchuzi wa kijani ambao sikuujua mpaka baba mdogo alipounusa. Akanusa mara ya pili, akamwita yule baba wa kwenye mkaa: "Mangi, hili si gugu la kwenye maharage?" Ndilo. Lile refu, lenye harufu kali inayobaki mikononi ukiling'oa, lenye vimaua vidogo vya njano iliyopauka. Asili yake ni Amerika ya Kusini. Kule wanaliita huacatay na ni kiungo cha heshima, huku kwetu lilifika kama gugu na tunalitupa nje ya shamba. Mama analisaga na pilipili, jibini na vitunguu saumu. Yeye hanunui, anachuma nyuma ya nyumba. Wifi yangu alifungiwa mchuzi kidogo kwenye kopo akaondoka nao.

Watoto wapeni lomo saltado bila kuwauliza. Ni steki iliyokaangwa kwa moto mkali pamoja na kitunguu, nyanya na mchuzi wa soya, ikachanganywa na chipsi, na wali juu yake. Soya ilifika Peru na Wachina waliokwenda kufanya vibarua huko kuanzia 1849, ikanogea ikabaki. Chipsi na wali kwenye sahani moja! Hakuna mtoto wetu aliyegusa kitu kingine.

Causa mimi sirudii. Ni viazi vilivyopondwa na ndimu, katikati wameweka kuku, na vinaliwa vya baridi. Peru wana aina zaidi ya 3,000 za viazi mviringo, na bado kuna mtu alikaa akaamua kimoja kiliwe hivyo. Ceviche ilinipendeza, ila inapatikana tu siku ambayo samaki wa Tanga amefika kwenye barafu, kwa sababu samaki haendi motoni, anaiva kwa ndimu peke yake. Sato hawamtumii kwa kazi hiyo, na wana sababu: samaki wa maji baridi asiyepikwa anaweza kuwa na minyoo. Wazee hawakuiangalia hata. Pisco sour, kinywaji cha pombe ya zabibu na ndimu, nayo shangazi aliisukuma pembeni aliposikia povu la juu ni ute wa yai bichi, akahamia kwenye chicha morada, juisi ya mahindi ya zambarau yaliyochemshwa na maganda ya nanasi, mdalasini na karafuu. Haina kilevi. Alikunywa jagi.

Sherehe yenyewe sasa. Msilete MC, mtapoteza hela. Kijana wao alivuta sanduku la mbao nililodhani ni stuli, akalikalia na kuanza kulipiga kwa viganja. Hiyo ndiyo cajón, ngoma ya Waafrika waliopelekwa Peru utumwani. Mwaka 2001 ilitangazwa huko kuwa urithi wa taifa. Mama akatoka jikoni na aproni yake, akaimba kwa Kihispania, mama mkwe akaimbiwa, akainuliwa, akacheza. Akina mama wa Moshi wakajibu kwa vigelegele na wimbo wa kanisani, na yule kijana akaudaka mdundo bila kuuliza.

Tulipogongana ni kwenye keki. Sisi keki inalishwa: mume, watoto, wakwe, wafanyakazi wenzake, kila mtu na jina lake na picha yake. Kuku wa mzunguko wa pili alikuwa ameshatoka mkaani. Mama akasimama mlangoni na mwiko, akitutazama kama wagonjwa. Alikuwa na haki, kuku alipoa. Pangeni mapema na binti keki iingie saa ngapi.

Lakini na wao wana lao. Sahani zinatoka kwa mafungu, kwa hiyo upande mmoja wa meza unachokonoa meno wakati upande wa pili bado unauliza chakula. Choo ni kimoja kwa watu wote wale. Bili yetu ilikuja na kuku ambaye hatukumla. Walimfuta bila ubishi, ila ilibidi mtu ahesabu mifupa. Maegesho ni barabarani, na mvua ikinyesha njia ile ya vumbi inakuwa tope.

Kichwa kimoja kilitutoka kama shilingi 38,000, na soda na chicha ndani yake. Keki yenu inaingia bure, mbege hairuhusiwi (tuliuliza). Kwa kundi kubwa wanataka nusu itangulie kwa simu. Na tarehe 28 Julai, siku ya uhuru wa Peru, msihangaike kupiga: siku hiyo meza zote wamekaa wenyewe.