TAHADHARI: Muuza elderberi na asali "isiyoguswa na moto" ametulisha sumu

Ndugu zangu, hasira na aibu vimenijaa, lakini nikinyamaza kesho atalia mwingine. Yule dada wa dawa za asili, anayeuza dawa ya kikohozi ya elderberi (beri ndogo nyeusi za Ulaya) na asali, yule wa chupa za kahawia zilizozibwa kwa nta nyekundu, ni tapeli. Ingekuwa hela tu ningeziacha ziende. Huyu kamnywesha mama yangu kitu kibichi chenye sumu, akakiita dawa. Jina lake nimeshauriwa nisilitaje hapa, ila walionunua wanamjua.

Hali ya mama mnaijua tangu ile operesheni. Kikohozi kilipomrudia, shangazi akanipa namba ya huyu dada, na kwa shangazi hakujawahi kutoka kitu kibaya. Nikampigia kwa video. Alipokea akiwa jikoni, aproni nyeupe, kichwa kimefunikwa, glavu mikononi. Hakuwa na haraka hata kidogo. Akaniuliza mama ana umri gani, kikohozi kinamzidi usiku au alfajiri, makohozi yana rangi gani, anakula nini. Nani siku hizi anakusikiliza hivyo? Kisha akasema, "Usinunue maneno yangu, ngoja uone mwenyewe." Akachovya njiti ya kibiriti ndani ya asali, akaikung'uta, akaikwangua. Ikawaka. Akaisogeza karibu na kamera, moto ukashuka hadi karibu na vidole vyake, akasema, "Asali ya kuchakachua ingewaka hivi?" Halafu akainua kishada cha beri nyeusi, majani na vijiti vyake vyote vimo, akavitumbukiza kwenye blenda kama vilivyo. Siri yake ndiyo hiyo, akasema: yeye hapiki. Wenzake wanachemsha na kuua nguvu ya mmea, yeye anasaga kila kitu, anachuja, anatia maji kidogo na asali, basi.

Mtu nimemwona kwa macho yangu akitengeneza, kwa usafi ule, ningemshuku kwa lipi? Jina la kitaalamu la elderberi, Sambucus nigra, alilitamka bila kubabaika. Akaniambia huko Ulaya watu wametumia elderberi kwa mafua tangu enzi na enzi, na hilo ni kweli. Nilipotaka kuchukua chupa nyingi kwa mpigo akanikatalia, eti nianze na moja nione matokeo. Mwizi gani anakataa hela? Ndivyo anavyowanasa watu, kwa upole na kwa nusu ya ukweli.

Chupa ikaja. Nilipokata nta na kuzungusha mfuniko, uliruka wenyewe, ikalia kama soda, povu la zambarau likanichuruzikia vidoleni. Ndani ya shingo ya chupa palikuwa na kipande cha kijiti cha kijani kimenata. Nikampigia hapo hapo. Akacheka taratibu: "Ukiona hivyo ujue iko hai, mpendwa." Mama akanywa vijiko viwili vya chakula kabla ya kula, kama alivyoelekezwa. Hata saa haikuisha. Tumbo likamsokota, akatapika mpaka nyongo, kizunguzungu, miguu haina nguvu, tunamshikilia huku na huku. Nikampigia tena yule dada. Mnajua alisema nini? "Mwili unajisafisha, mwongezee kijiko." Mwongezee! Nikamwambia tunakwenda hospitali. Tangu hapo simu hapokei, ujumbe unabaki na tiki moja.

Daktari alitazama ile chupa akauliza kitu kimoja: ilipikwa? Beri mbichi za elderberi, na zaidi majani, vijiti, magome na mizizi yake, zina kemikali ambazo zikisagwa na kufika tumboni hutoa sianidi. Ndiyo, sianidi, ile sumu kali inayoua. Moto ndio unaoipunguza, na majani na vijiti havitiwi kabisa. Kwa hiyo kile alichokisifia ndicho kilichomwangusha mama. Wala si habari mpya. Agosti 1983 huko California, Marekani, watu waliokuwa kwenye mkusanyiko walikunywa juisi ya elderberi za porini zilizokamuliwa pamoja na majani na matawi. Watu 11 wakaanza kichefuchefu na kutapika ndani ya dakika 15, wanane wakabebwa kwa helikopta hadi hospitali, na aliyelazwa ni yule aliyekunywa glasi tano. Jambo limejulikana miaka zaidi ya 40, mtu anajiita mtaalamu wa mimea halafu anakuambia usichemshe!

Mama anaendelea vizuri, asanteni mnaopiga simu kumjulia hali.

Lakini cha wifi yangu ndicho kilichonitoa machozi. Yeye aliambiwa ampe mtoto, na mtoto mnamjua, hajatimiza hata mwaka. "Asali haina umri," ndivyo alivyomwandikia, ujumbe ninao. Asali haipewi mtoto wa chini ya miezi 12, iwe safi iwe ya duka lolote. Inaweza kubeba mbegu za bakteria wa botulizimu. Mtu mzima zinampitia tu, lakini kwenye utumbo wa mtoto mchanga huota na kutoa sumu inayolegeza misuli, hata ya kupumulia. Kuchemsha jikoni hakuziui. Wifi alikuwa na kijiko mkononi nilipompigia. Kijiko mkononi, jamani! Mtu wa namna hii aachwe aendelee kuuza? Akamatwe, vifaa vyake vichukuliwe, asimame mbele ya hakimu na kila mama aliyemdanganya akiwa amekaa mbele pale. Mwaka 2011 serikali ya Marekani ilikamata juisi ya elderberi huko Kansas kwa sababu ya madai tu kwamba yanatibu magonjwa. Huyu wetu anadai kutibu, anauza kibichi, na anaelekeza watoto wachanga wapewe. Mimi sitaki msamaha wala kurudishiwa hela, nataka afungwe.

Dalili nazitaja haraka. Akisema mbichi, kimbia. Ile ya kibiriti haithibitishi kitu, shira nzito ya sukari nayo inaweza kupita. Chupa ikitoa gesi au mfuniko ukivimba, imechacha: asali peke yake inakaa sana kwa kuwa ina maji kidogo, ukishaizimua inataka friji, na humo nako si ya kukaa miezi. Anayejua kazi huchambua beri zilizoiva, hutoa vijiti vyote, huzichemsha na maji kama nusu saa, huchuja, huacha zipoe ndipo atie asali. Hata zilizokaushwa huchemshwa. Na anayetumia dawa za kushusha kinga ya mwili amuulize daktari kwanza. Huyu dada hakuniuliza mama anatumia dawa gani, na kwa maswali yote yale hilo ndilo lilikuwa la kwanza kuulizwa.

Mlionunua, msimwage. Wekeni chupa kwenye friji, maana kwenye joto inaweza kupasuka, ndani ya mfuko uliofungwa, mahali ambapo watoto hawafiki, na muandike juu yake ISINYWEWE. Msifute ujumbe wake wala risiti za malipo. Polisi nimesharipoti, na mamlaka ya dawa na chakula wamechukua chupa yangu, lakini wanataka nyingine ili asije akasema nimeiharibu mwenyewe. Aliye nayo anitumie ujumbe leo hii, twende pamoja. Na kama kuna aliyempa mtoto mchanga, hata kama mtoto yuko sawa, usisubiri: mpeleke hospitali, na ukiona amefunga choo, analia kwa sauti dhaifu, kope zinalegea au hanyonyi vizuri, waambie asali kabla hawajakuuliza.