Kituo cha mpira Tabata ambacho hakikumlazimisha binti yangu kuacha netiboli

Naandika kwa ajili ya mzazi mwenye mtoto asiyetulia, yule anayetoka kwenye netiboli anaingia kwenye mbio, na jioni yuko mtaani anacheza rede. Binti yangu ana miaka 11 na ndivyo alivyo. Shuleni anacheza netiboli nafasi ya GD (mlinzi wa goli), kwenye riadha anakimbia mita 200, na tangu Serengeti Girls walipoifunga Ufaransa 2-1 kwenye Kombe la Dunia la U17 kule India mwaka 2022, hamu ya mpira wa miguu haijamtoka.

Kituo cha kwanza tulichokwenda, ambacho sitakitaja, kilimtaka aachane na netiboli kabla hata hajavaa bipsi. Tukaondoka.

Hiki cha Tabata ukikiangalia kwa macho ni cha kawaida: uwanja wa vumbi, magoli ya mabomba, kivuli cha mwarobaini mmoja. Tofauti niliiona kwenye fomu. Inauliza mtoto anacheza michezo gani mingine, siku zipi, na siku zipi anapumzika. Mwalimu aliisoma mbele yangu, akajumlisha saa, akaniambia, "Mama, Jumatano asije. Alhamisi ana netiboli, miguu ipumzike." Kwake, saa za mazoezi kwa wiki, michezo yote ikijumlishwa, zisizidi umri wa mtoto. Mtoto wa miaka 11, saa 11 basi. Wataalamu wa tiba ya michezo nao ndivyo wanavyoshauri, lakini sijakutana na makocha wengi wanaofuata.

Kupasha moto misuli kwao ni rede. Wawili wanarusha mpira laini kutoka pande mbili, waliopo kati wanakwepa. Wakishachangamka, kila aliye kati anapewa mpira wa miguuni aukokote huku anakwepa. Anayeinamia mpira wake anapigwa papo hapo. Watoto wanacheka, na hakuna aliyewaambia "inua kichwa", lakini vichwa vyote viko juu.

Mimi nilicheza netiboli shuleni, kwa hiyo lililonigusa zaidi ni jinsi mwalimu alivyotumia alichokuja nacho binti yangu. Kwenye netiboli, mlinzi anayemkaba mwenye mpira lazima awe umbali wa sentimita 90 kutoka kwake. Huruhusiwi kumpokonya, kwa hiyo unajifunza kusubiri na kumsoma kiuno. Alipowekwa beki wa kati, wenzake walikuwa wanajirusha kwa mshambuliaji na kupigwa chenga, yeye anarudi nyuma taratibu, mguu mmoja mbele, mpaka mwenzake akosee. Mwalimu alisimamisha mchezo, akawaita wote waje watazame miguu yake ilivyokaa.

Upande wa pili wa netiboli ulimsumbua. Kule ukidaka mpira hutembei nao, na mwili wake ulishazoea hivyo. Akipokea pasi alikuwa anasimama wima, miguu yote miwili chini, na winga anaubeba mpira na kuondoka. Mwalimu hakumfokea. Alimpa zoezi la kupokea kwa mguu wa mbali akiwa ameshageuza bega kuelekea anakotaka kwenda, hatua ya kwanza itoke pamoja na mguso wa kwanza. Ilichukua muda, na mwanzoni mpira ulikuwa unamkimbia hadi nje. Siku hizi anapokea huku anaondoka, na mwalimu wake wa netiboli ameniuliza amejifunzia wapi kugeuka haraka namna ile.

Alipoanza kulalamika kisigino, alitolewa uwanjani siku ileile nikaambiwa nimpeleke hospitali. Mfupa wa kisigino cha mtoto wa umri huu bado unakua, na msuli wa nyuma ya mguu unauvuta kila anapokimbia na kuruka. Aliporudi, mwalimu alimpa mazoezi ya pasi bila kukimbia mpaka akapona kabisa.

Kuna baba mmoja pale uwanjani anayesisitiza kwamba bila kuchagua mchezo mmoja mapema mtoto hafiki mbali. Nilimkumbusha mshambuliaji Erling Haaland, ambaye utotoni kule Bryne, Norway, alicheza mpira wa mikono na riadha pia. Shirikisho la michezo la Norway lina haki za watoto michezoni, na mojawapo ni mtoto kuamua mwenyewe acheze michezo mingapi. Tulibishana hadi mazoezi yakaisha.

Sasa kasoro. Mipira ya saizi 4 haitoshi, kwa hiyo wadogo wengine wanapigia saizi 5, ambayo ni kubwa kwao. Choo hakuna, na kwa wasichana hili ni tatizo kubwa, linahitaji kushughulikiwa kabla ya jezi mpya. Taarifa za mechi zinatumwa kwenye grupu la WhatsApp usiku wa manane, mzazi anayeamka mapema kazini anazikosa.

Ada ni shilingi 40,000 kwa mwezi, na mtoto akiwa kambini UMITASHUMTA (michezo ya shule za msingi) mwezi huo hulipi. Jumamosi wanaanza saa 12:30 asubuhi. Nenda na nakala ya cheti cha kuzaliwa na chupa ya maji. Njumu si lazima, raba zinatosha, na kwenye fomu andika michezo yote ya mtoto bila kuficha hata mmoja.