Boneti ya kaboni niliyoitengeneza nyuma ya nyumba hapa Nakuru: seti hii inafaa?

Habari zenu watu wangu, karibuni tena gereji. Leo sina utangulizi mrefu, tazameni tu. Boneti nimeishika kwa mkono mmoja, mkono wa pili una kikombe cha chai, na chai haijamwagika. Ile ya bati niliyoitoa kwenye hii Toyota Starlet, modeli ya EP82 yenye taabo (turbo), ilipanda mizani kilo 11 na kitu. Hii ni 3.9, pamoja na rangi ya juu. Mizani yenyewe ni ya muuza viazi wa hapa mtaani, kwa hivyo msinibane kwa gramu.

Sasa seti yenyewe, ya kujitengenezea vitu vya kaboni nyumbani. Ndani ya boksi kuna kitambaa cha kaboni cha gramu 200 kwa kila mita mraba, resini ya epoksi na hadina yake ya kuigandisha, nta ya kupaka kalibu (umbo unalotandikia kitambaa), mfuko wa nailoni wa kufunikia kazi na tepu yake inayonata kama chingamu, halafu hii pampu ndogo ya kufyonza hewa na geji yake. Nembo nimeiziba makusudi. Hakuna aliyenilipa, na mabaya ninayo ya kusema.

La kwanza si la seti, ni letu sisi. Boneti mnayoiona ni ya pili. Ya kwanza nilisaidiwa na fundi wa faiba, mtu ana mkono mzuri ajabu, ametengeneza mabampa ya matatu kabla mimi sijajua kushika brashi. Lakini amezoea resini ya poliesta. Ile unatia matone ya kichocheo, ukiona kuna baridi unaongeza, inashika haraka. Akaona jioni ya Nakuru imeingia, akamimina hadina zaidi kwa jicho. Jamani, epoksi haiendi hivyo! Hii yangu ni gramu 100 za resini kwa gramu 30 za hadina. Hadina si kichocheo, ni sehemu ya gundi yenyewe. Kila sehemu ya resini inashikana na sehemu yake, na inayozidi inabaki imekaa humo haina wa kushikana naye. Siku ya nne nikigusa, bado inanata kama ulimbo wa kunasia ndege. Kitambaa chote kikaenda. Nunua mizani ndogo ya jikoni kabla hujafungua boksi, na ukichanganya, changanya kidogo kidogo kwenye sahani pana. Ukiacha kikombe kimejaa, kinapata joto chenyewe mpaka kinatoa moshi.

La pili ni la seti, na hapa nilikasirika. Kijitabu kinasema washa pampu mpaka geji isome bar -0.95, isipofika ujue mfuko unavuja. Yangu ikasimama kwenye -0.8. Nikapaka povu la sabuni kila kona ya mfuko. Nikabadilisha tepu. Saa saba usiku niko chini ya meza nasikiliza kama hewa inapiga mluzi, jirani anadhani naiba gari langu mwenyewe. Mfuko haukuwa unavuja hata kidogo.

Pampu haivuti kitambaa kishikane. Inatoa hewa iliyo ndani, halafu hewa ya nje ndiyo inakandamiza. Na sisi Nakuru tuko juu, kama mita 1,850, hewa ya huku yenyewe ni kama bar 0.81 tu. Huwezi kukandamiza kwa nguvu ambayo haipo. Mwenzangu wa Kisumu kando ya ziwa atapata karibu 0.88. Aliyeandika kijitabu alikuwa usawa wa bahari, na hakumfikiria mtu wa Bonde la Ufa. Kwa hivyo usiipimie namba yao. Funga vali, zima pampu, nenda kanywe chai nusu saa. Sindano ikiwa palepale, mfuko ni mzima, endelea.

Baridi ya usiku nayo inaichelewesha epoksi sana. Nilifunika meza kwa turubai na kuning'iniza taa mbili za kulelea vifaranga. Mama watoto alicheka, lakini asubuhi boneti ilikuwa imekauka kavu.

Kalibu ndiyo iliyonila muda, wikendi tatu, na seti haikusaidii chochote hapo zaidi ya nta. Hii Starlet ina pua ya hewa katikati ya boneti, na pua hiyo ina mgongo unaojikunja kwa ndani. Kalibu ya kipande kimoja haitoki. Niliigawa mara mbili.

Kwenye kukata, vaa barakoa na glovu, na usikatie karibu na kompyuta au chaja. Vumbi la kaboni linapitisha umeme.

Wengine wenu mmeniomba nitengeneze kiti cha dereva, mnasema mbona Formula 1 wanakaa ndani ya kaboni. Kweli. McLaren walileta MP4/1 yenye bodi ya kaboni mwaka 1981, na mwaka huohuo John Watson akaanguka vibaya Monza akatoka kwa miguu yake. Lakini ile bodi ilitengenezwa na kampuni ya mambo ya anga kule Marekani, si chini ya taa za vifaranga. Kiti sitengenezi. Boneti ikipasuka nanunua kitambaa kingine.

Na hata hii boneti nimeiwekea pini mbili mbele, kwa sababu ni nyepesi na upepo ukiingia chini itakurudia kwenye kioo. Karibu na taabo nimebandika karatasi ya kukinga joto, maana epoksi iliyokauka bila tanuri huanza kulegea kwenye nyuzi 60 au 70 hivi.

Je, ununue? Kama unataka kuvisha dashibodi ing'ae, hapana, unaongeza uzito na kupoteza pesa. Kama una gari la mbio za otokrosi na subira, kitambaa na resini ni vya kweli, chukua. Pampu inatosha, kijitabu kitupe. Mimi sasa naenda kwenye mlango wa nyuma, na kalibu nimeshaanza kuipaka nta.