Familia moja, simu tofauti: programu ipi ya kushea lokesheni inafaa kulipiwa?

Malalamiko ya wasomaji kuhusu programu za kushea lokesheni yanafanana mno. Baba ana Samsung, mama ana iPhone, mtoto ana Tecno, na bibi amerithi simu ya zamani ya mmoja wao. Programu imepakuliwa kwenye simu zote, wengine wamelipia mwaka mzima, halafu siku wanayomtafuta mtu wao kwa dhati ramani inasema yuko kazini, kumbe alitoka huko mapema. Wengi wananiuliza wahamie programu gani. Nitawajibu, lakini kwanza mnivumilie kwenye jambo moja ambalo wauzaji hawaligusi.

Sitapoteza muda kwenye uzuri wa ramani wala wingi wa vitufe. Programu zote zinazojulikana hutumia GPS ileile iliyomo kwenye simu, kwa hiyo anayekuambia yake inalenga zaidi anakuuzia maneno. Cha kuuliza ni hiki: nukta ninayoiona kwenye ramani ina umri gani? Ni ya sasa hivi, au ni ya dakika 50 zilizopita? Na programu yenyewe inaniambia hivyo waziwazi, au inaniachia niamini tu? Nukta ya zamani inayoonekana kama mpya ni mbaya kuliko ramani tupu. Ramani tupu itakufanya upige simu. Nukta ya uongo itakutuliza wakati hupaswi kutulia, au itakupeleka mbio mahali ambapo mtu wako hayupo.

Nukta huzeeka kwa sababu zinazojulikana. Simu ingetangaza ilipo kila sekunde, betri isingefika jioni, ndiyo maana mifumo ya simu imekuwa ikibana mwaka hadi mwaka. Android 6 ya 2015 ilianza kuzilaza programu simu inapokaa bila kuguswa. Android 8 ya 2017 ikaongeza kwamba programu inayofanya kazi nyuma ya pazia ipewe lokesheni mara chache tu kwa saa. Android 10 ya 2019 ikamwezesha mwenye simu kuchagua lokesheni itumike wakati programu iko wazi tu. Mwaka huohuo iPhone, kwa mfumo wake wa iOS 13, zikaanza kutoa ujumbe wenye ramani: programu hii imekuwa ikitumia lokesheni yako bila wewe kuifungua, uendelee kuiruhusu? Mtu hushtuka akiona safari zake zimechorwa pale, anabonyeza chaguo la kubana, na hapo ndipo nukta yake inapogandia. Wala hakufanya kosa. Aliulizwa swali bila kuelezwa kwamba jibu lake litamfuta kwenye ramani ya familia.

Juu ya hayo, watengenezaji wa Android wana vidhibiti vyao vya betri. Xiaomi, Huawei, Oppo, Vivo, hata Samsung, kila mmoja ana namna yake ya kuzima programu anazoona zinakula chaji. Ndiyo maana programu moja inafanya kazi vizuri kwa baba na kufa kila mara kwa mtoto, na familia inaanza kumshuku mtoto kwamba amezima makusudi. Nimesoma barua za wazazi waliogombana na watoto wao kwa ajili hii. Kabla ya kumtuhumu mtu, fungua mipangilio ya betri kwenye simu yake.

Sasa orodha, na nasema wazi kwamba nina upande.

Namba moja ni Google Maps, na kwangu iko mbele kwa umbali mkubwa. Sehemu yake ya kushea lokesheni ilianza 2017, ipo kwenye Android na iPhone, haina malipo, na inachotaka ni kila mmoja awe na akaunti ya Google. Lakini siipendi kwa sababu ni ya bure. Naipenda kwa sababu ukigusa uso wa mtu kwenye ramani inakuonyesha vitu viwili kwa pamoja: lokesheni yake ilipokelewa lini, na betri yake ilikuwa na asilimia ngapi. Visome pamoja. Ukiona dakika 40 zilizopita na betri asilimia 3, huenda simu imezimika, na mtu wako pengine yuko njiani tu. Ukiona dakika 40 na betri asilimia 80, hiyo ni habari nyingine: ama yuko mahali pasipo mtandao, ama data imeisha, ama simu imeilaza programu. Jaribu kuonyesha upya, isipobadilika, mpigie. Namba mbili ndogo zinakupa mwanzo wa kufikiri, na sijaona programu ya bure inayolifanya hili kwa uwazi zaidi kwa familia yenye simu mchanganyiko.

Unaweza kushea kwa muda maalumu au mpaka utakapozima mwenyewe, na unaweza kuarifiwa mtu anapofika au kuondoka mahali fulani. Google pia humtumia barua pepe anayeshea kumkumbusha kwamba bado anaonekana. Wapo wanaoona barua hizo zinachosha. Mimi naziona ni heshima kwa mtu mzima, kwa sababu hakuna anayepaswa kufuatiliwa na mwenzake huku amesahau kwamba aliwahi kukubali.

Shida yake iko upande wa iPhone. Ukisakinisha Google Maps huko, ruhusa ya kwanza unayoombwa kwa kawaida ni ya wakati unapoitumia tu. Kwa kuelekezwa njia inatosha. Kwa familia haitoshi hata kidogo. Ingia mwenyewe kwenye mipangilio ya iPhone, tafuta Google Maps, weka lokesheni iwe wakati wote, washa na ile ya mahali halisi (Precise Location). Upande wa Android fanya vivyo hivyo: ruhusu wakati wote, kisha iondoe programu kwenye orodha ya zinazobanwa na kiokoa betri. Kama kuna Huawei za baada ya 2019 ndani ya familia, zile zilizotoka bila huduma za Google, chaguo langu haliwafai hao, na ni afadhali kulijua hilo leo.

Namba mbili ni Life360, na hapa ndipo fedha zinapoanza. Ni programu ya familia hasa, inafanya kazi kwenye mifumo yote miwili, na kwenye suala langu la nukta iliyokufa inajitahidi sana: badala ya kukuachia ukisie, hujaribu kukuambia sababu, kama ruhusa ya lokesheni imezimwa au simu haina mtandao. Malipo ni ya kundi zima, si ya kila kichwa. Daraja la bure hukupa historia ya mahali mtu alikopita kwa siku 2, na la juu hufika siku 30.

Kwa nini basi haiko juu? Kwa sababu mwishoni mwa 2021 waandishi wa habari wa The Markup walifichua kwamba kampuni hiyo ilikuwa ikiuza data za lokesheni za watumiaji wake kwa madalali wa data, yaani kampuni zinazonunua na kuuza taarifa za watu, na watumiaji hao ni pamoja na familia zenye watoto. Mwanzoni mwa 2022 kampuni ikatangaza kuachana na sehemu kubwa ya biashara hiyo. Nimelizingatia tangazo hilo, na bado siwezi kuisahau ile habari. Anayetaka kulipia Life360 asome kwanza mipangilio ya faragha na azime kila kinachozimika. Na asilipie kwa sababu ya historia ya siku 30. Anayemsubiri mtu usiku anataka kujua yuko wapi saa hii.

Namba tatu ni WhatsApp, kwa safari. Lokesheni mubashara ilikuja 2017, ina dakika 15, saa 1 au saa 8, na imefungwa kwa usimbaji wa mwanzo hadi mwisho, yaani wanaoiona ni wale uliowatumia tu. Karibu kila mtu tayari anayo, hata bibi. Muda ukiisha imeisha, kwa hiyo haifai kuwa jicho la kila siku, lakini mtu akiondoka usiku sioni haja ya kutafuta kingine. Nayo inahitaji ruhusa ya wakati wote, vinginevyo nukta itasimama akiweka simu mfukoni.

Find My, programu ya Apple yenyewe ya kushea lokesheni, ni nzuri kweli, na kwa familia yenye iPhone pekee ningeiweka juu ya zote. Ila Apple haijaipeleka kwenye Android, basi hapa haina kazi.

Vya bei ndogo nitavipitia haraka. Kidude cha Bluetooth kama AirTag si lokesheni mubashara: kinategemea vifaa vya watu wengine vipite karibu nacho, na Apple wenyewe wamesema ni cha kufuatilia vitu, si watu. Programu za bure zenye majina yasiyojulikana na matangazo kila ukurasa, usimwekee mtoto.

Saa za watoto zenye GPS ndizo zinazonikera. Kwenye boksi zimeandikwa kwa herufi kubwa kwamba zinafanya kazi na simu zote. Kisichoandikwa kwa herufi kubwa ni kwamba nyingi zinataka laini yake na data yake, na baadhi zinataka malipo ya kila mwezi ndipo ramani ifunguke. Mzazi anayajua haya akiwa nyumbani, saa iko mkononi mwa mtoto, boksi limechanika na muuzaji hapokei tena. Bei ya kifaa ambacho hakifanyi kazi bila malipo ya mwezi si bei kamili, na muuzaji anayeitaja peke yake anamficha mnunuzi jambo.

Wauzaji hao hao, wa saa na wa programu, wana mtindo mmoja: kukuonyesha nukta ikitembea huku simu iko mkononi na skrini inawaka. Simu ikiwa inawaka, hata programu mbovu inaonekana nzima. Ifanyie jaribio la kweli kabla hujalipa. Mmoja afunge simu yake, aitie mfukoni, aende shughuli zake saa nzima bila kuigusa. Wewe baki ukiangalia umri wa nukta yake. Kisha badilishaneni, kwa sababu iPhone kuiona Android vizuri hakumaanishi Android nayo inaiona iPhone. Ikipita nusu saa nukta haijasogea, na ruhusa zote ziko sawa, usilipe.

Na kama umeshaingia kwenye kipindi cha majaribio cha programu inayolipiwa, elewa kwamba kuifuta programu kwenye simu hakusitishi malipo. Ingia Google Play au App Store kwa akaunti iliyotumika kujisajili, fungua sehemu ya usajili, sitisha humo, na ufanye hivyo mapema kabla ya siku ya mwisho. Kwenye familia kubwa, hakikisheni kwanza ni akaunti ya nani iliyojisajili. Mara nyingi huwa ni ya yule aliyebadilisha simu na hakumbuki tena neno la siri.