Ununue nini ili video zako za droni msimu wa majani zitiririke

Oktoba ikifika, wenzetu tunaozungumza Kiswahili huku Maine na New Hampshire, Marekani, huulizana swali moja: ninunue droni gani, maana video yangu inarukaruka? Mara nyingi droni haina kosa. Milima ya White Mountains wakati huu imefunikwa majani madogo yasiyohesabika, mekundu na ya manjano, na kamera ikisogea yote yanahama kwa pamoja. Shata, yaani muda ambao kamera hupokea mwanga kwa kila picha, ikiwa na kasi mno, kila fremu (picha moja ya video) inaganda peke yake na jicho linaona miruko. Ndiyo maana nimepanga vitu hivi kwa msaada utakaoupata, wala si kwa bei.

Kabla hujatoa hata dola moja, weka droni kwenye modi ya Cine, ile ya mwendo wa taratibu, na uigeuze polepole. Hiyo ni bure.

Nafasi ya kwanza naipa seti ya filta za ND, bila kusita. Ni vioo vyeusi vya kupunguza mwanga ili shata iweze kwenda taratibu. Ukirekodi fremu 30 kwa sekunde, lenga shata ya 1/60 ya sekunde. Nilirusha droni kando ya barabara ya Kancamagus saa sita mchana, rimoti ikasoma 1/4000. Namba ya filta ni mara ngapi inapunguza mwanga: gawanya 4000 kwa 64, unapata karibu 1/60, kwa hiyo nikavisha ND64. Video ya kwanza, isiyo na filta, vigogo vyeupe vilikuwa vinakatikakatika pembeni mwa picha. Ya pili vilipita kama uzi unaovutwa. Chukua seti yenye ND16 na ND64 angalau, iliyotengenezwa kwa ajili ya modeli yako hasa. Angalia pia uzito: Marekani, droni ya burudani ikifikisha gramu 250 inapopaa, filta ikiwemo, lazima isajiliwe FAA, mamlaka ya usafiri wa anga, kwa dola 5.

Filta ya polaraizi nayo inavutia, kwa kuwa huondoa mng'ao kwenye majani yaliyolowa na rangi zikakolea. Ila droni ikigeuka, rangi hubadilika katikati ya video. Mimi naivisha tu ninaporuka mbele moja kwa moja.

Ya pili ni programu ya kutuliza picha. DaVinci Resolve ya bure inatosha watu wengi. Gyroflow, nayo ya bure, ni nzuri sana kwa droni zinazohifadhi data za jairo (kihisi kinachopima jinsi droni inavyoyumba), kama DJI Avata. Lakini sikiliza hapa: programu hutuliza mtikisiko, haifuti ukungu ulioachwa na shata ya polepole. Ukijua utaitegemea Gyroflow, punguza giza la filta. Na kwa kuwa programu hukata kingo za picha, rekodi 4K, picha kubwa, hata kama utatoa 1080p iliyo ndogo.

Ya tatu ni propela mpya, kitu cha bei ndogo ambacho watu hukisahau. Pitisha ukucha taratibu ukingoni mwa kila bawa, droni ikiwa imezimwa. Ukucha ukikwama, pana pengo, na pengo hilo huleta mtetemo unaofanya picha icheze kama maji. Badilisha jozi nzima.

Droni mpya naiweka mwisho. Inunue tu ikiwa uliyonayo haina gimbali ya mihimili mitatu, kishikio chenye mota kinachotuliza kamera, kwa sababu hapo filta haitakuokoa. DJI Mini 4 Pro inayo, ina uzito usiofika gramu 249, na inarekodi 4K kwa fremu 60. Usiipeleke Acadia, hifadhi za taifa za Marekani zimekataza droni. Na ukiinunua, ongeza betri ya pili uiweke mfuko wa ndani wa koti, kwa sababu baridi ya alfajiri hula chaji, na mwanga mzuri bondeni hautasubiri urudi nyumbani kuchaji.