Kidani cha Nambi kwa sonara wa Kampala

Sonara huyu hataki picha ya simu. Anataka ukae kando ya meza yake umsimulie hadithi, naye achore. Mimi nilimpa ya Nambi, mwanamke wa ngano za Waganda aliyeshuka kutoka mbinguni: alikatazwa kurudi nyuma, akarudi kuchukua ulezi wa kuku wake, na Walumbe, yaani Kifo, akamfuata duniani. Nilitegemea achore mwanamke. Akachora kuku anayedonoa, na chini yake shimo, maana Walumbe alipofukuzwa alizama ardhini kule Tanda, Mityana. Papo hapo nikatoa malipo ya awali.

Fedha yake ni ya 925: sehemu 925 kwa 1,000 ni fedha halisi, iliyobaki kwa kawaida ni shaba, kwa sababu fedha tupu ni laini mno kwa pambo la kila siku. Aliikata kwa msumeno mwembamba kama uzi. Nyundo ikiifanya ngumu, anaipasha moto ilainike, kisha anaendelea. Punje za ulezi zilinifurahisha kuliko yote: vipande vya waya wa fedha, ukiviyeyusha vinajikunja vyenyewe kuwa vidonge. Shimo alilitia weusi kwa dawa ya salfa, akang'arisha kingo tu.

Mkufu umenikera. Ni wa kununua, mwepesi mno kwa kidani kizito hivyo. Mwambie mapema aufue mwenyewe. Na akikwambia Ijumaa, wewe sikia Jumatano ya wiki inayofuata. Nililipa shilingi 350,000. Ukiwa na bangili kuukuu ya fedha, anaipima na kukupunguzia.