Screaming Frog SEO Spider kwa kukagua menyu ya tovuti: uzoefu wangu

Programu hii ina mambo mengi, lakini mimi naithamini kwa moja: inaonyesha menyu ya tovuti jinsi roboti ya injini ya utafutaji inavyoikuta. Unaisakinisha kwenye Windows, macOS au Linux, unaweka anwani ya ukurasa wa mwanzo, nayo inafuata kiungo baada ya kiungo. Toleo la bure linakomea URL (anwani za wavuti) 500 kwa ukaguzi mmoja na halihifadhi matokeo. Hizo 500 ni URL, si kurasa. Picha na faili za CSS (za mwonekano wa ukurasa) zinaingia humo, kwa hiyo hata tovuti ndogo huzimaliza haraka.

Kabla ya kubonyeza Start, fungua Configuration > Spider > Rendering. Hapa ndipo wengi wanapopotea. Chaguo la kawaida, Text Only, linasoma HTML (msimbo wa ukurasa) kama ilivyotoka kwenye seva. Menyu ikiwa imejengwa kwa JavaScript (msimbo unaoendeshwa baada ya ukurasa kufika), ukaguzi utakwama kwenye kurasa chache na utadhani tovuti imeharibika. Weka JavaScript (hapo leseni ya kulipia inahitajika), rudia ukaguzi, kisha linganisha. Kiungo kinachojitokeza mara ya pili tu kinaitegemea Google iuendeshe msimbo kwanza. Kisichojitokeza kabisa huwa si kiungo: ni `<span onclick>` au kitufe kilichovishwa sura ya kiungo. Roboti ya Google haibonyezi chochote, inafuata `<a href>`. Menyu kunjuzi yenyewe haina kosa, maana viungo vilivyofichwa kwa CSS vinasomeka vizuri mradi vimo kwenye HTML. Tatizo ni menyu inayosubiri kubonyezwa ndipo ivilete.

Badilisha pia User-Agent, jina ambalo programu inajitambulisha nalo kwa tovuti, iwe Googlebot (Smartphone), yaani roboti ya Google ya simu. Google huorodhesha tovuti kwa kutazama toleo la simu, hivyo kiungo kilichoondolewa kwenye menyu ya simu ili kuifupisha kimeondolewa machoni pake pia.

Baada ya hapo naangalia safu ya Crawl Depth. Ukurasa wa mwanzo ni 0, na kila hatua inaongeza 1. Namba zikipanda sana, mara nyingi chanzo ni orodha yenye kurasa nyingi na kitufe cha "Inayofuata" peke yake: kundi la bidhaa liko kina cha 1, ukurasa wake wa 10 unaangukia kina cha 10, na bidhaa zilizomo cha 11. Weka namba zote 1 hadi 10 chini ya kila ukurasa, na bidhaa hizohizo zinapanda hadi kina cha 3. Hakuna haja ya kuijaza menyu kuu.

Kichupo cha Inlinks (viungo vinavyoingia) ndicho kinachonifanya niipendekeze. Chagua ukurasa wowote, utaona nani anauelekea, kwa maneno gani, na kutoka sehemu gani: menyu, maudhui au sehemu ya chini. Ukurasa wenye viungo 300, vyote vya menyu na vyote vikisema "Bidhaa", umeelezwa vibaya mara 300. "Viatu vya mvua" ingesema kitu. Kiungo kimoja cha menyu kinachopitia 301 (uelekezaji wa kudumu kwenda anwani nyingine) nacho kinajirudia kila ukurasa, kwa hiyo kukirekebisha mara moja kunasafisha orodha nzima. Ila programu inatambua sehemu hizo kwa alama kama `<nav>` na `<footer>`. Kiolezo kilichotumia `<div>` bila majina yanayoeleweka kitakupa majibu ya kupotosha.

Vichujio vya bidhaa, kama vya rangi au saizi, vinahitaji uangalifu wa pekee. Vichujio 3 vyenye chaguo 6 kila kimoja, ukihesabu na hali ya kutochagua, vinazaa 7 × 7 × 7, yaani URL 343 kwa kundi moja tu. Ukiziona zinamiminika, simamisha ukaguzi. Zizuie kwa robots.txt, faili inayoziambia roboti wasipopaswa kuingia, mfano `Disallow: /*?rangi=`, lakini usitegemee noindex (agizo la kutoorodhesha ukurasa) kwenye kurasa hizohizo: ukurasa uliozuiwa hausomwi, na noindex yake haitaonekana.

Kurasa zisizounganishwa popote programu haiwezi kuzifikia kwa kufuata viungo. Iruhusu isome ramani ya tovuti ya XML (faili inayoorodhesha anwani za kurasa zako), kisha endesha Crawl Analysis, ndipo zitatokea. Na haipimi kama msomaji anaielewa menyu yako. Kwa hilo mpe mtu simu, mtajie kitu cha kutafuta, na usimwelekeze.